Gari Jekundu Lisisukumwe

Wenzangu wa Nyakato, mmeniuliza kwa zamu, kwenye foleni ya sukari, kwenye mazoezi ya kwaya, hata bombani, nami nimechoka kusimulia vipande vipande. Mmoja anasikia habari za mbuzi, mwingine anasikia za polisi, na jana nimeambiwa kwamba mimi, Perusi, nilikamatwa Muleba kwa wizi wa mbuzi. Basi naandika yote, mpokezane. Habari za vibali na za kutafuta petroli siziandiki. Mnazijua, na zinanitia hasira.

Kwa wasioijua gereji yetu: mkubwa wetu ni Mzee Makoye, Msukuma wa Magu, fundi wa malori ambaye hana mpinzani upande huu wa ziwa. Ufundi nilijifunza jeshini, lakini nilipofika kwake aliniweka stoo nigawe spana. Nikawa nagawa spana na kusikiliza injini kwa mbali, nikijua kabisa pale wanapokosea, mdomo nimeufunga.

Ndipo lilipokuja lile gari dogo jekundu. Mwenyewe ni Bwana Rwezaura, bwana shamba wa pamba, Mhaya wa Muleba, mtu mpole anayevaa suti ya Kaunda hata akienda sokoni. Alilinunua kwa mtaalamu wa maji kutoka Ulaya aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa na turbo. Turbo ni kama feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, nayo huisukumia injini hewa nyingi kuliko ambayo ingeweza kuvuta kwa pumzi yake. Kwenye tambarare lilikwenda kama magari mengine. Kwenye mlima lilivuta kwa nguvu ya ajabu, halafu injini ikazima ghafla kama mtu amezungusha ufunguo. Mafundi wote waliligusa, likawashinda. Mzee Makoye akaamua turbo ikatwe, liwekwe bomba la kawaida.

Sijui nini kilinisukuma. Nilitoka stoo nikasema mbele ya wote kwamba gari halina ubaya, petroli ndiyo chafu, na mimi naweza kulifikisha Muleba kwa mama yake Bwana Rwezaura na turbo yake juu. Walicheka mpaka wengine wakaketi. Mzee Makoye hakucheka sana.

"Lipeleke," alisema. "Lisisukumwe, lisivutwe. Likifika kwa nguvu zake, shimo la pili la kutengenezea magari ni lako na wewe ni fundi. Lisipofika, binti, utagawa spana mpaka uzeeke, na nisikusikie tena ukinieleza habari za injini."

Bwana Rwezaura akakubali, maana alilipenda gari lile na moyo ulimuuma kulikata. Yeye alitaka kitu kimoja tu, kufika Jumapili kabla ya saa nane mchana. Mnaijua sheria ya kubana mafuta: gari la mtu binafsi likikutwa barabarani Jumapili baada ya saa hiyo, linakwenda kulala kituoni. Na gari lililolala kituoni halijafika.

Buzuruga hadi Kigongo

Tuliondoka Ijumaa asubuhi. Juu ya paa tulifunga mabati ya nyumba ya mama yake, nyuma gunia la chumvi na katoni ya sabuni, vitu ambavyo huko kwao vilikuwa vimeadimika kuliko huku. Pale Buzuruga mafundi wetu wawili walikuwa wamesimama stendi makusudi, wakatupungia mkono kama watu wanaosindikiza maiti. Nikawapigia honi ndefu.

Mpaka Kigongo barabara ni ya kawaida na gari lilikwenda vizuri. Nikaanza kujisifu mapema. Kivuko kilikuwa ng'ambo, na mbele yetu palikuwa na malori ya marobota ya pamba yaliyolala pale. Tukakaa kwenye kibanda cha mama mmoja muuza samaki. Alitukaangia sato kwa ugali wa muhogo, akatupa chai isiyo na sukari bila kuomba radhi, maana wakati ule hakuna aliyeomba radhi kwa sukari.

Alipoona mikono yangu myeusi kwa oili na suti safi ya Bwana Rwezaura, alimgeukia akamsema vibaya sana. Mwanamume mzima unamlaza mkeo chini ya gari, wewe umekaa unakula samaki? Bwana Rwezaura alijaribu kueleza kwamba mimi si mkewe, jambo ambalo lilimharibia zaidi. Mimi nilinyamaza, kwa sababu kila alivyozidi kukasirika ndivyo alivyoniongezea vipande vya samaki.

Busisi

Tulivuka jua likiwa limeanza kulala. Mnajua pale Busisi, ukitoka kwenye kivuko unapanda ghafla. Nikakanyaga mafuta. Gari likaruka kama limechomwa sindano, magurudumu ya mbele yakagusa ardhi, ya nyuma bado yako kwenye bati la kivuko, injini ikazima.

Kabla sijavuta pumzi, wapagazi wa bandarini walikuwa wameshalizunguka. Watu wema kabisa, wamezoea kusukuma kila kinachozima pale. Mikono ilikuwa inakaribia bodi. Nilitoka mbio nikajitandaza juu ya buti.

"Msiguse," nikawaambia. "Atakayeligusa atanirudisha stoo."

Hawakuelewa stoo ni nini. Mmoja akawaambia wenzake kwamba huenda ndani kuna mgonjwa wa kuambukiza, wote wakarudi nyuma hatua kadhaa. Mwingine alimpa pole Bwana Rwezaura kwa hali yangu. Nyuma yetu dereva wa lori alikuwa anapiga honi na kututukana kwa Kisukuma. Nikaingia, nikazungusha ufunguo, injini ikawaka papo hapo bila ubishi. Safari hii niligusa mafuta kidogo sana, na gari likapanda lenyewe taratibu.

Pale nilipaswa kujifunza kitu. Likibembelezwa linapanda, likikanyagwa linazima. Lakini nilikuwa nimeshasema petroli, na mimi nikishasema kitu hukishikilia.

Sengerema hadi Geita

Tulilala Sengerema. Asubuhi nilimwaga petroli yote kwenye madebe, nikaichuja kwa kanga yangu mpya, nikasafisha tangi na chujio. Bwana Rwezaura alishika madebe bila kulalamika, suti ikapata madoa. Petroli haikuwa chafu hata kidogo. Kanga ndiyo iliyoharibika.

Kilima cha kwanza baada ya Sengerema, likazima. Nikasema basi ni platini, zile za kutoa cheche. Nikafungua, nikasugua, nikafunga. Kilima cha pili, likazima. Nikasema waya wa pampu. Kilima cha tatu nikashuka, nikapiga gurudumu teke, nikakaa kwenye majani na kulia kwa hasira. Nasema ukweli. Niliona ile rafu ya spana mbele ya macho yangu mpaka uzee wangu.

Bwana Rwezaura aliniachia nilie. Kisha akasema kwa upole ule wake kwamba yeye hajui gari, lakini amekaa kiti cha pembeni hana kazi, amekuwa akiangalia ile geji ndogo ya upepo. Kila mara kabla ya kuzima, mshale huwa umeingia kwenye nyekundu.

Nilinyanyuka. Nikamwambia aketi, asiangalie barabara wala ng'ombe, aangalie mshale tu na kuusoma kwa sauti. Tukapanda tena. Akasoma kama msomaji wa somo kanisani: kijani, kijani, karibu na nyekundu, nyekundu. Likazima palepale. Tukarudia mara nyingine, na nyingine. Halikukosea hata mara moja.

Basi nikaelewa, na nikajiona mjinga na mwerevu kwa wakati mmoja. Injini haikuwa na njaa, ilikuwa imeshiba kupita kiasi. Turbo ilikuwa inasukuma hewa nyingi mno, na kwenye gari lile kuna swichi ya ulinzi: hewa ikizidi, inakata petroli ili injini isipasuke. Gari halikuwa linakufa. Lilikuwa linajiokoa na mguu wangu.

Kwa nini hewa izidi? Turbo ya gari dogo ina kimlango chake pembeni. Hewa ikitosha, kimlango kinafunguka, sehemu ya moshi inapita nje bila kuzungusha feni. Kinachokifungua ni kiwambo, ngozi laini ndani ya kikopo cha chuma, inayosukumwa na hewa ya turbo yenyewe kupitia kimpira chembamba. Kiwambo kizima hakipitishi pumzi. Nikachomoa kile kimpira, nikakiweka mdomoni, nikapuliza. Pumzi yangu ikapita moja kwa moja kama napuliza filimbi.

Nikafungua kikopo. Ndani, badala ya kiwambo cha kiwandani, palikuwa na kipande cha tyubu ya lori kilichokatwa kwa mkasi kwa ustadi sana. Joto la moshi lilikuwa limekiyeyusha, kina tundu la kupitisha kidole. Niliujua mkono ule. Mzee Makoye hufunga kila kitu kwa tyubu, kama sisi sote: baiskeli, ndoo, miguu ya meza, mabomba. Kwenye malori yake turbo haina kimlango. Nadhani alikuta kile cha zamani kimechoka, akaona panavuja, akaziba, kama ambavyo fundi yeyote wa nchi hii angeziba. Hewa ilikuwa inapotea kwenye tundu, haisukumi kitu, kimlango kimefungwa siku zote.

Bwana Rwezaura alifurahi. Akashauri tuendelee polepole hivyohivyo kwa kubembeleza. Nikamuuliza kama mlima wa kupandia Muleba, wenye mawe, na mabati haya juu, unapandika kwa kubembeleza. Akafikiri, akasema hapana, huo hata mabasi yanauogopa. Kiwambo kipya hakikuwepo Geita. Pengine hakikuwepo katika nchi nzima.

Kijiji cha mivukuto

Tulikuwa tumeipita Geita mbali, tunatambaa, tulipofika kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari miwili. Nikasikia nyundo juu ya chuma. Nikasimamisha gari. Maeneo yale yana wahunzi wa Kirongo, watu wa majembe tangu zamani, na mhunzi ana mivukuto, na mivukuto ni ngozi inayosukuma hewa karibu na moto kutwa nzima. Niliruka nje bila kuaga.

Mhunzi aliitwa Mzee Misana. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kusimamisha kazi. Mivukuto yake ilikuwa miwili kama kawaida, bakuli za mti zimefungwa ngozi ya mbuzi, inapandishwa na kushushwa kwa vijiti. Nikamweleza shida yangu. Akaniambia ngozi ya mivukuto haiuzwi.

Huku nyuma mambo yalikuwa yameharibika. Watu wameona gari jekundu, wameona suti ya Kaunda, wakajua mkubwa wa wilaya amekuja bila taarifa. Mtu akaigonga ile rimu ya lori iliyotundikwa kama kengele, wanawake na wanaume wakatoka shamba la kijiji na majembe begani. Mwenyekiti alitokea akifunga vifungo vya shati, akamletea Bwana Rwezaura kiti na jogoo. Yeye akakana kuwa mkubwa wa wilaya. Kadiri alivyokana, ndivyo walivyozidi kuamini kwamba anawapima.

Alikuja kwangu jasho linamtoka, akaniuliza afanye nini. Nikamwambia ahutubie, mimi nahitaji muda.

Na akahutubia. Hakusema uongo hata mmoja. Alisimama akawaeleza habari za pamba: nafasi kati ya mistari, kung'oa masalia na kuyachoma, lini kupalilia. Ndiyo kazi yake, na anaipenda kama sisi tunavyopenda kula. Walimuuliza maswali, akajibu, wakapiga makofi. Baadaye mwenyekiti aliniambia hajawahi kumsikia kiongozi anayejua kilimo namna ile.

Mimi nilibaki na Mzee Misana. Sikuongeza maneno. Nilichukua vijiti vya mivukuto na kuanza kupuliza moto wake, maana msaidizi wake naye alikuwa amekimbilia mkutanoni. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto, chuma kinawiva, anapiga, anarudisha. Mabega yalianza kuwaka. Jembe la kwanza likaisha, la pili likaisha. Kwenye la tatu aliweka nyundo chini.

"Ya mivukuto hii siwezi kukupa, ni chakula changu," akasema. "Ila ipo niliyoitayarisha ya akiba. Iko wapi hiyo mashine yako?"

Tulikwenda pamoja kwenye gari. Nilimpa kile kipande cha tyubu kilichoyeyuka. Akakinusa, akacheka, akasema mpira na moto haviketi nyumba moja. Nilipima duara, nikakata mbili kutoka kwenye ngozi ya tumbo iliyo laini. Yeye alizisugua kwa samli kwa kidole gumba mpaka zikawa hazina ukaidi. Nikaziweka moja juu ya nyingine, nikakata bati la kopo la maziwa kuzikinga na upande wa moto, nikafunga skrubu. Halafu nikashika kimpira, nikapuliza.

Pumzi haikupita. Nilipuliza mpaka masikio yakaziba, na ndani ya kikopo nikasikia springi inasogea na kimlango kinagonga, tak. Nikapuliza tena, tak. Nilimkumbatia Mzee Misana, naye akakubali kukumbatiwa.

Jogoo alikataliwa mara tatu na bado tulimkuta kwenye kiti cha nyuma, juu ya gunia la chumvi.

Biharamulo

Kilima cha kwanza nilikipanda taratibu kwa woga. Cha pili nikamwambia Bwana Rwezaura asome. Kijani, kijani, karibu na nyekundu. Akanyamaza. Nikapiga kelele nikamuuliza mbona hasomi. Akasema hana jipya la kusoma, mshale umesimama palepale. Gari lilikuwa linavuta kwa mluzi mwembamba, mabati yanalia juu, na kilima kikaisha kabla hatujaamini.

Ilibaki kurekebisha. Ngozi ni nzito kuliko kiwambo chenyewe, hivyo mshale ulisimama karibu mno na hatari. Nililegeza springi kidogo, nikajaribu, nikalegeza tena, mpaka ukawa unasimama katikati ya kijani hata nikikanyaga hadi chini. Tulilala kwa masista wa misheni. Walitupa uji wa ulezi na viazi, wakampokea jogoo kwa niaba ya yatima. Bwana Rwezaura sauti ilikuwa imemkauka kwa hotuba, akala bila kusema neno.

Mlima

Jumapili ilianza na ibada, halafu pancha msituni, halafu pancha nyingine. Tulipofika kwenye kizuizi chini ya mlima wa Muleba, polisi alitazama saa yake, akatutazama sisi, akatazama mabati. Alituambia tulale palepale. Gari dogo lenye mzigo, kwa hesabu yake, litakutwa na saa nane likiwa katikati ya mlima, na yeye atalazimika kutufuata kwa miguu kuja kulikamata.

Nikamwambia apande. Kama saa nane itatukuta njiani, atalikamata akiwa ameketi.

Wazo lilimpendeza. Alikaa nyuma, akalipakata gunia, mkono wenye saa ameuweka mbele ya uso. Bwana Rwezaura alitaka kusoma mshale, nikamwambia afumbe macho kama anaogopa, sihitaji msomaji tena. Nikakanyaga.

Jamani, lile gari. Kona ya kwanza mawe yalirushwa nyuma, ya pili tulipita lori lililozima, dereva wake amekaa juu ya jiwe anakula embe, akabaki ameshika embe mdomoni. Mluzi ulipanda, mshale ukapanda, ukafika mahali pake ukatulia. Nikawa nasikia kile kimlango kinafunguka na kupumua, kinafunga, kinafunguka. Ngozi ya mbuzi, nyie, juu ya mlima ule, inafanya kazi ya kiwanda cha Ulaya. Niliimba. Wimbo wa kwaya yetu, wote mnaujua, na polisi akashika sauti ya nne huku macho yako kwenye saa. Pembeni migomba ilianza, ziwa likaonekana chini kwa mbali, na mimi sikuondoa mguu mpaka ardhi ilipolala.

Tuliingia kwenye ua wa mama yake Bwana Rwezaura watu wakiwa bado wanarudi kutoka kanisani. Polisi alishuka, akaonyesha saa yake kwa kila mtu kama ni yeye aliyeendesha. Ilikuwa bado.

Mama alitoka na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, za kumpokea mgeni. Aliwapitia wanaume akiuliza fundi aliyemletea mwanawe ni yupi. Mwanawe akanielekeza mimi kwa kidevu. Alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu vya jeshi. Kisha akarudi, akawapita wote, akaninyooshea kikapu kwanza mimi. Nilichukua mbili. Moja nikaitafuna palepale mbele ya wote.

Nyakato

Tulirudi katikati ya wiki, vilima vyote vilevile, bila kuzima. Mzee Makoye alimsikiliza Bwana Rwezaura mpaka mwisho, akalichukua gari mwenyewe, akalipeleka kwenye kilima cha mawe na kurudi. Nilimwambia habari za tyubu ana kwa ana, bila kuficha. Akasema tyubu imeziba kila kitu katika nchi hii, haikuwahi kumwangusha. Akaenda zake ofisini, nikadhani yameishia hapo.

Jioni alisukuma mwenyewe gari la wagonjwa lililokuwa linakosa pumzi, akaliweka juu ya shimo la pili. Mafundi wote walisimamisha kazi. Aliniita kwa jina langu, akasema nishuke nitazame. Nikashuka shimoni. Chini kulikuwa giza, na pale kwetu anayeshika taa huwa ni yule anayejifunza, fundi ndiye anayefanya kazi. Nilitazama juu, nikaona hakuna aliyekuwa karibu isipokuwa Mzee Makoye.

"Mzee," nikamwambia, "naomba unishikie taa."

 Halafu nikasikia magoti yake yanalia, akapiga goti ukingoni, na mwanga ukashuka.